Zege na Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumwaga Msingi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliniandikia akinitaka nieleze kazi yangu kwa muda wa nusu saa. Kazi yangu ni umeme. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30, kwanza katika migodi ya ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita, kisha katika nyumba, mashine za kusaga na vijiji ambavyo zamani vilikuwa gizani. Kazi hiyo ni pana mno kwa nusu saa, hivyo nimechagua jambo moja tu, na nimelichagua kwa makusudi. Chama chetu kimekwisha kuchanga fedha za bweni jipya, mitaro ya msingi imechimbwa, na saruji iko ghalani. Nina ombi juu ya msingi huo, nami nataka mlielewe ombi lenyewe kabla ya kulikubali au kulikataa.

Nianze na swali. Je, zege hupitisha umeme? Asubuhi ya leo niliwauliza vijana wa kidato cha tatu. Karibu wote walijibu kwamba halipitishi: zege ni jiwe, na jiwe ni kihami, yaani kitu kinachozuia umeme usipite. Jibu hilo hilo nimelisikia kwa mafundi waashi, kwa wenye mashine, hata kwa mafundi umeme wenye vyeti.

Hapa mezani nimeleta vipande vitatu vya zege. Vilichanganywa siku moja, katika karai moja, kwa saruji, mchanga na kokoto zile zile. Katika kila kimoja nilisimamisha misumari miwili mirefu, sentimita 10 kati yake. Kipande cha kwanza kimelala ndani ya ndoo ya maji tangu juzi. Cha pili kimekaa rafuni tangu mvua zilipokatika. Cha tatu kilikaushwa siku mbili pembeni mwa tanuri la mkate la mama mmoja hapa mjini. Kifaa hiki ni kipima-ukinzani cha volti 500 ambacho mafundi hukiita mega, na hiki kidogo ni mita ya kawaida. Kijana, soma kwa sauti. Kipande kilicholowa: karibu omu 1,000. Kipande cha rafuni: zaidi ya omu 100,000. Kipande cha tanuri: sindano imekwenda hadi mwisho wa kipimo, haisomeki.

Basi jibu la swali langu ni kwamba zege lile lile ni vitu vitatu. Likikauka kabisa kwa moto ni kihami kizuri. Likikauka kwa hewa tu ni kihami dhaifu. Likilowa si kihami hata kidogo.

Sababu yake ni rahisi, na vijana wa kemia wataielewa upesi. Saruji haigandi kwa kukauka kama udongo wa tofali. Hugandishwa na maji yenyewe, ambayo huungana na unga wa saruji na kufanya jiwe jipya. Lakini maji yanayohitajika kwa muungano huo ni kama robo tu ya uzito wa saruji. Fundi hutia nusu, na wakati mwingine zaidi, ili zege lipate kumwagika vizuri. Maji ya ziada hayana pa kwenda. Hukaa ndani na kuacha mishipa na vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, vilivyosambaa katika jiwe zima. Maji hayo si safi kama ya mvua. Yameyeyusha magadi makali ya sodiamu na potasiamu kutoka katika saruji, na ndiyo maana saruji mbichi huchoma mikono ya waashi. Maji ya namna hiyo hupitisha umeme kama yale ya ndani ya betri. Kwa hiyo katika zege, umeme haupiti katika kokoto. Hupita katika maji yaliyojificha. Yaondoe maji, njia imefungwa. Mvua ikirudi, zege hunywa upya kama sifongo, na njia hufunguka.

Wahandisi wamepima jambo hili miaka mingi. Zege lililolowa huwa na ukinzani wa omu-mita 100 au chini ya hapo. Lililokaushwa na hewa hufikia kama omu-mita 10,000. Lililokaushwa tanurini hufikia omu-mita bilioni moja. Hakuna kifaa kingine cha ujenzi ninachokijua kinachobadilika kiasi hicho bila mtu kukiona kinabadilika.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana namba zina maana tu zinapofika mwilini. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Mwili wa mtu aliyelowa jasho tuuhesabu kuwa omu 1,000. Miguu miwili mitupu juu ya sakafu huongeza ukinzani upatao mara moja na nusu ya ile namba ya omu-mita ya sakafu. Hiyo ni kanuni ya makadirio wanayoitumia wahandisi wa vituo vya umeme. Sakafu iliyolowa basi huongeza omu 150. Jumla ni omu 1,150. Gawanya 230 kwa 1,150, unapata ampea 0.2, yaani miliampea 200. Sakafu iliyokaushwa na hewa huongeza omu 15,000, na mkondo unashuka hadi miliampea 14. Sakafu iliyotoka tanurini, kama ingekuwapo, ingepitisha chini ya sehemu moja ya milioni ya ampea.

Yawekeni maneno haya kando ya namba hizo. Kwenye miliampea 10 hivi, misuli ya mkono hukakamaa na mtu hushindwa kuachia alichokishika. Miliampea 30 ndicho kiwango ambacho swichi ya kukata umeme unaovuja hutengenezwa isikiruhusu kupita. Kwenye miliampea 200 moyo hupoteza mapigo yake. Hivyo mtu anayesema, "Mwaka jana nilishika mashine hii hii, nikatekenywa tu," anasema kweli. Mwaka jana ilikuwa Septemba. Leo ni Januari, mvua imenyesha, na sakafu ile si ile tena.

Ndugu zangu, watu wetu wanasimama wapi? Nendeni kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, au upande wetu huku Mwakitolyo. Karasha la kusaga mawe limefungwa juu ya msingi wa zege. Mota inaendeshwa kwa njia tatu za umeme. Maji yanatiririka mchana kutwa, maana dhahabu haioshwi pakavu. Kijana amevaa ndala, au hana kitu miguuni, naye hubonyeza swichi iliyopigiliwa kwenye nguzo ya zege iliyolowa hadi nusu. Ukimwambia ni hatari, hujibu kwamba amesimama juu ya zege, si juu ya tope. Kwa umeme, zege lile na tope lile ni ndugu wa tumbo moja. Dawa yake inajulikana na si ya gharama kubwa: mwili wa mota uunganishwe na waya wa ardhini, swichi ya kukata umeme unaovuja ifungwe mwanzo wa njia, swichi ya kuwashia iwekwe mbali na maji, na mwendesha mashine asimame juu ya jukwaa la mbao kavu akiwa amevaa mabuti ya mpira.

Majumbani nako vivyo hivyo. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimefika vijiji vingi tulivyovijua kwa vibatari. Baadhi ya mafundi huzika waya mtupu ndani ya lipu bila kuupitisha katika bomba lake, wakidhani lipu ni ganda la pili la kihami. Lipu ikivuta unyevu kutoka chini au kutoka paa linalovuja, waya uliochubuka huanza kuvujisha umeme ukutani. Mama anayepiga deki huhisi ukuta "unauma". Nyumbani mkisikia maneno hayo msiyacheke. Zimeni swichi kuu na kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kadhalika nguzo za zege ambazo TANESCO imeanza kuzisimamisha mahali mbalimbali. Ni nguzo nzuri, mchwa hazili na moto wa nyika hauzichomi. Lakini zina vyuma ndani na hulowa nje. Usiegemee nguzo ya zege wala usimfunge mbuzi kwayo, hasa ukiona waya uliokatika karibu.

Atatokea mtu wa kuuliza: mbona kwenye njia kubwa za umeme saruji imetumika? Swali zuri. Mkipita karibu na kituo cha umeme cha Shinyanga, ambako njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida huishia baada ya kilomita 670, tazameni yale mashada ya visahani yanayoning'iniza nyaya. Vile vya kaure, kila kisahani kina kofia ya chuma juu na pini ya chuma chini, na kinachovishikamanisha na kaure ni saruji iliyoganda. Lakini kazi ya saruji pale ni ya gundi. Anayezuia umeme ni kaure, ambayo haina vitundu vya kunywa maji. Wabunifu wa visahani hivyo hawakuikabidhi saruji hata volti moja.

Tazameni tena chini, ndani ya uzio wa kituo. Ardhi imefunikwa kokoto tupu, na wengi hudhani ni kwa sababu ya magugu. Kokoto safi, hata zikinyeshewa, hubaki na ukinzani wa omu-mita elfu kadhaa, kwa kuwa maji hupita katikati yake na kwenda zake. Mfanyakazi anayetembea pale analindwa na kokoto zile hitilafu inapotokea. Zege lisingemlinda hivyo wakati wa masika.

Na zamani, mbao za swichi zilipotengenezwa kwa saruji na asbesto, watengenezaji walizikausha kwanza, kisha wakazinywesha lami ili maji yasirudi. Wao nao walijua. Mbao za namna hiyo mkizikuta katika majengo ya kale msizitoboe wala kuzikata kwa msumeno, maana vumbi la asbesto huua mapafu.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, nalo ni radi. Ukanda wetu kusini mwa Ziwa Victoria ni mmoja wa mahali penye ngurumo nyingi. Tarehe 27 Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoa wa Geita, na wengine wengi wakajeruhiwa. Siitaji shule hiyo ili kumlaumu mtu. Naitaja kwa sababu wale walikuwa wanafunzi kama hawa walioketi mbele yangu, na kwa sababu sisi tunataka kujenga nyumba ya kuwalaza vijana.

Chumba chenye sakafu ya saruji na paa la bati hakikingi radi kwa sababu tu kina sakafu ya saruji na paa la bati. Bati likipigwa bila kuwa na njia ya kufika ardhini, umeme hujitafutia njia yake: huruka kutoka kwenye bati hadi kwenye nyaya za taa, hadi kwenye nondo za linta, hadi kwenye mwili wa mtu aliyeegemea ukuta. Ndiyo maana tunawaambia vijana: mkisikia ngurumo ingieni ndani ya jengo imara, ondokeni chini ya mwembe, lakini mkiisha kuingia msiegemee kuta, msilale sakafuni, msiguse nyaya wala mabomba.

Hapa kwetu jambo hili lina tawi jingine linalouma. Radi ikiua mtu, wapo wanaouliza nani ameituma. Bibi zetu wameuawa katika mikoa hii kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi. Kila kijana anayetoka shuleni hapa akiwa ameelewa njia ya umeme kutoka winguni hadi ardhini ni ngao ya bibi mmoja kijijini kwake. Mwalimu wa fizikia afahamu kwamba somo lake linaokoa watu kwa namna hiyo pia.

Ndugu Mwenyekiti, hadi hapa nimelisema zege vibaya. Sasa nilisifu, maana tabia ile ile inayotuhatarisha miguuni inaweza kutuokoa msingini.

Mnaujua udongo wetu kwa majina yake ya Kisukuma. Juu kwenye miinuko kuna luseni, mchanga mtupu. Katikati itogolo, mgumu kama sakafu. Chini kwenye mabonde mbuga, mweusi. Fundi anapokuja kuweka njia ya ardhini hupigilia fimbo ya shaba. Kwenye luseni, kuanzia Juni hadi Oktoba, mchanga umekauka na fimbo ile karibu haina kazi. Kwenye mbuga udongo hupasuka nyufa na kuiachia. Wengine humwaga maji ya chumvi, lakini chumvi huoshwa na mvua na kula chuma. Na kama mtaro haukula fimbo, mwizi wa shaba ataila.

Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alikabili taabu hiyo hiyo katika jangwa la Arizona. Alitakiwa kukinga maghala ya mabomu dhidi ya radi, mahali penye mvua chache na ardhi kavu. Badala ya kutegemea fimbo, alitumia nondo zilizozikwa ndani ya zege la misingi. Miaka kama 18 baadaye maghala yale yalipimwa, na ukinzani wake na ardhi ulikuwa bado chini ya omu 5. Marekani ikaiingiza njia hiyo katika kanuni zake za umeme, na hadi leo mafundi wengi huiita kwa jina lake.

Siri yake ni ile ya kipande changu cha kwanza. Zege lililo chini ya ardhi hunyonya unyevu wa udongo na kuushika hata udongo wa juu unapokauka. Linagusa udongo kwa eneo kubwa, si kwa unene wa fimbo moja. Na magadi yake huzuia nondo isile kutu. Msingi mzima huwa fimbo moja kubwa isiyoibika.

Basi ombi langu ni hili. Kabla msingi wa bweni haujamwagwa, nondo za chini ziunganishwe zote, kwa kuchomelewa au kwa vibano imara, zizunguke jengo lote kama mkufu. Zisiwe nyembamba kuliko milimita 12, na zifunikwe na zege la unene wa milimita 50 au zaidi pande zote. Chini yake kusitandikwe nailoni, maana nailoni italitenga zege na udongo, nasi tutakuwa tumejihami pale tusipotaka. Katika kila pembe itokezwe ncha ya chuma ya kuunganishia bati la paa, na ncha moja zaidi kwa ajili ya ubao mkuu wa umeme. Nasisitiza mkufu mzima. Kipande kimoja kidogo cha msingi kikibebeshwa radi peke yake, maji yaliyo ndani yake huweza kugeuka mvuke ghafla na kulipasua zege. Kazi yote isimamiwe na fundi mwenye leseni, ipimwe kwa mita, na kipimo kiandikwe kwenye daftari la shule.

Gharama yake ni nondo ambazo tayari tumezinunua, waya kidogo, na siku moja ya mchomeleaji. Zege likishamwagwa, gharama hiyo hiyo itakuwa ni kubomoa. Najua wapo wajumbe wanaosema tumalize kuta kwanza, mambo ya radi tutayaona baadaye. Nawaheshimu, nao ndio waliochanga zaidi. Lakini rangi inasubiri, madirisha yanasubiri, hata bati linaweza kusubiri mwaka. Msingi hausubiri. Kwa hiyo naomba mkutano huu uagize kwamba lori la kokoto lisimwage hadi nondo zimeunganishwa na kukaguliwa.

Nanyi vijana, kazi yenu ni hii: tengenezeni vipande kama hivi, muvipime kila mwezi kuanzia Novemba hadi Oktoba, na muandike kipimo pamoja na mvua ya mwezi huo. Mtaona kwa macho yenu zege likinywa na likikauka. Mwakani katika jarida hili ningependa kusoma jedwali lenu, na kando yake kipimo cha bweni jipya.